Vinili ya van inainuka mabondeni na kioo cha nyuma kinazibika mvua ikinyesha: kosa liko wapi?

Michoro_Kila_Siku

Wakuu, habari. Naomba msaada kwa wanaoijua vinili (plastiki nyembamba ya stika za magari).

Gari ni van ya mizigo, bodi nyeupe. Ubavuni kuna mabonde mawili ya kiwandani, kina chake kama sentimita moja na nusu. Vinili ni ya kalenda, mikroni 80, gundi ya kudumu. Imechapwa kwa wino wa solventi, ikafunikwa laminesheni (plastiki angavu ya kulinda picha) siku hiyohiyo, ikabandikwa kesho yake. Kazi yote imefanywa kavu, na mabondeni ilipashwa moto mpaka ikalala vizuri.

Wiki tatu baadaye hali ni hii:

1. Kwenye mabonde imeinuka, imekaa kama daraja juu ya shimo.
2. Kingo za chini za milango zinajikunja kwa nje.
3. Bampa la plastiki nyeusi, lisilo na rangi: stika haishiki kabisa.
4. Kioo cha nyuma kina vinili ya matundu. Mvua ikinyesha, ukiwa ndani huoni nje mpaka kikauke.

Je, ni gundi mbovu au ni ubandikaji? Na nikirudia kazi, nibandike kwa maji au kavu?

---

Kisu_na_Rula

Gundi usiilaumu bado. Namba 1 ni karatasi yenyewe, yaani vinili.

Vinili ya kalenda hutengenezwa kwa kupitisha PVC ya moto katikati ya rola kubwa mpaka iwe nyembamba (kalenda ni jina la hiyo mashine, haihusiani na tarehe). Inatoka kiwandani ikiwa tayari na mvutano ndani yake. Wewe ukaipasha moto ukaivuta iingie bondeni, ukaongeza mvutano juu ya mvutano. Jua likipiga bodi, karatasi inalainika na kurudi ilivyokuwa, yaani bapa. Ndilo daraja hilo unaloliona. Vinili ya kasti haipitii rola: PVC ya majimaji humwagwa juu ya karatasi laini, ikaivia hapo kwenye oveni. Haijavutwa na mtu. Tena ni nyembamba, mikroni 50 hivi, kwa hiyo inafuata umbo la bodi bila ubishi.

Kalenda zenyewe si sawa. Ya monomeriki ni ya uso bapa na kazi ya miaka 2 au 3. Ya polimeriki hufika miaka 5 hadi 7 na huvumilia mpindo mwepesi wa upande mmoja. Bonde, kichwa cha ribiti, kifuniko cha kioo cha pembeni: hapo ni kasti tu. Na laminesheni ya juu nayo iwe ya kasti. Kuna watu hununua kasti ya bei, halafu wanaifunika kwa laminesheni ya kalenda, na ile ya juu ikijikunyata inaondoka na ya chini. Pesa imepotea.

Sasa bonde lenyewe. Ukibandika vilele viwili kwanza kisha ukasukuma katikati, umeinyoosha karatasi bila sababu. Bandika upande wa juu, iache karatasi ishuke ikiwa imelegea, laza ukuta wa kwanza, halafu sakafu, halafu ukuta wa pili, ndipo utokee upande wa chini. Hii inafaa kama ncha ya bonde inafika kwenye ukingo wa paneli. Bonde lililofungwa ncha zote mbili litakulazimisha kuvuta kidogo kwenye hizo ncha, huna ujanja. Au kata kando ya bonde, weka kipande cha pekee ndani, kipandane na kingine milimita 5 hivi. Kwenye picha yenye rangi nyingi hakuna atakayeuona mshono.

Kila ulipovuta, mwisho wa kazi upashe moto tena. Kasti nyingi zinataka uso ufike nyuzi 90 hadi 95 za Selsiasi. Namba kamili iko kwenye maelezo ya bidhaa. Pima kwa kipimajoto cha mwale, kiganja hakijui tofauti ya 70 na 90. Ukitaka kuona kwa nini, chukua kipande cha mabaki, kivute kwa vidole kirefuke, kipulizie moto kikiwa hewani. Kinajikunyata mbele ya macho yako kurudi karibu na urefu wa mwanzo. Hicho ndicho karatasi inachojaribu kufanya bondeni kila siku ya jua, mpaka utakapoivunja hiyo kumbukumbu kwa moto ikiwa imeshikwa chini.

---

Rola_Laini

Nakubaliana na mkuu hapo juu kwa namba 1. Namba 2 ni kosa jingine kabisa: laminesheni ya siku hiyohiyo.

Wino wa solventi lazima upumue. Saa 24 ni kima cha chini, na ukichapa rangi nzito ni saa 48. Isikae imeviringwa kwenye roli muda huo, kwa sababu mvuke hauna pa kutokea. Ining'inize, au isimamishe roli ikiwa imelegezwa hewa ipite katikati ya mizunguko. Solventi ikifungiwa na laminesheni inashuka chini kwenye gundi na kuilainisha. Karatasi inavimba kidogo, gundi inaishiwa nguvu, na ukingo ndio wa kwanza kuachia.

Usibahatishe, kagua. Inua kona iliyojikunja uiguse gundi kwa kidole. Ikivutika nyuzinyuzi kama asali na ikanuka wino, ni solventi. Ikiwa kavu, na ina utando wa kijivu wa vumbi, basi ni usafi haukufika pale. Milango ya van mara nyingi ina vyote viwili.

Kwa usafi: osha kwa maji na sabuni, kausha, kisha spiriti ya isopropili, sehemu 2 za spiriti kwa 1 ya maji. Vitambaa viwili. Cha kwanza kinalowesha, cha pili kikavu kinafuta kabla spiriti haijakauka yenyewe. Ikikaukia pale, mafuta yanabaki palepale yalipokuwa, yamesambazwa tu. Mkunjo wa ndani chini ya mlango usifute kwa kidole. Zungushia kitambaa kwenye skwiji (kibao bapa cha kulazia vinili) upitishe mpaka kitoke cheupe. Maji yaliyojificha kwenye mpira na bawaba yapulize kwa blowa mapema, la sivyo yatachuruzika chini ya karatasi ukiwa katikati ya kazi. Na ukingo usikatwe sawasawa na mwisho wa bati. Ama uzungushe nyuma milimita 10, ama uishie milimita 2 kabla.

Namba 3: mimi siibandiki. Plastiki ile nyeusi yenye uso wa vipelevipele kwa kawaida ni polipropilini, na gundi haipendi uso wake. Tena gundi inagusa vilele vya vipele hivyo tu. Praima (dawa ya kupaka ili gundi ishike) inasaidia kingoni, lakini ukiipaka bampa zima, siku ya kubandua utalia. Kama mteja anataka rangi pale, bampa lipakwe rangi.

---

Kioo_Angavu

Kwenye kioo sasa. Matundu yanajaa maji. Tundu ni dogo mno kiasi kwamba tone likiingia linang'ang'ania humo, na kila tundu linageuka lenzi ndogo inayopinda mwanga. Gundi haina kosa.

Dawa yake ni laminesheni ya kasti, ile angavu iliyotengenezwa kwa ajili ya matundu. Ya kalenda itazama kwenye matundu na kuleta ukungu. Laminesheni izidi karatasi ya matundu kwa milimita 10 pande zote ili ikae juu ya kioo kitupu na kuziba pembeni. Usipofanya hivyo, maji yataingilia ukingoni na kusafiri tundu hadi tundu. Karatasi yote, pamoja na huo mzidio, iishie kabla ya mpira wa kioo. Ikipanda juu ya mpira itainuka. Na kama kuna waipa ya nyuma, mzunguko wake utailamba picha. Acha eneo lake wazi au waipa iondolewe.

Kingine ambacho wateja hawaambiwi: vinili ya matundu inafanya kazi kwa sababu nje kuna mwanga kuliko ndani na upande wa ndani ni mweusi. Usiku ukiwasha taa ya ndani, mambo yanageuka, wa nje ndiye anayekuona. Karatasi inayoacha wazi asilimia 50 ya uso inampa dereva mwono kuliko ya 30, ila picha inapauka. Kioo cha mbele usiguse, na vya milango ya mbele soma kwanza sheria ya barabara ya ulipo.

Ukiwa na kioo chenye nyaya za joto, matundu ya nje hayazigusi. Hatari ni tinti ya ndani. Kuibandua kwa wembe kunakata nyaya, na uzi mmoja ukikatika mstari wote umekufa. Tumia mvuke, vuta taratibu kufuata mwelekeo wa nyaya.

Kwa kuwa wengine wanasoma uzi huu kwa ajili ya madirisha ya majengo: karatasi nyeusi upande wa ndani wa kioo cha tabaka mbili inaweza kukipasua. Katikati kunapata joto, ukingo uliojificha kwenye fremu unabaki wa baridi, kioo kinavutana. Ufa wa namna hii unauona unaanzia ukingoni kwa pembe mraba, kisha unapinda. Kioo cha waya ndani nacho ni cha kuogopwa. Kilichoimarishwa kwa joto kinastahimili zaidi. Vinili ya ukungu, ile nyeupe ya faragha, haina shida kubwa kiasi hicho.

---

Michoro_Kila_Siku

Shukrani sana wakuu. Nimeinua kona kama mlivyosema: nyuzinyuzi, na inanuka. Naagiza kasti na laminesheni yake. Yamebaki mawili: maji au kavu? Na mlango mmoja wa nyuma umepigwa rangi upya wiki iliyopita, nao nibandike tu?

---

Kisu_na_Rula

Kavu. Kasti ya magari kwa kawaida ina gundi yenye vijifereji vidogo vya kutolea hewa. Ukimwaga maji ya sabuni, yanaingia kwenye vijifereji hivyo na hayatoki. Gundi haishiki, na kesho yake inaanza kuinuka mabondeni.

Uso uwe kati ya nyuzi 15 na 30, gari likiwa kivulini. Bati la moto linaing'ang'ania gundi kabla hujapanga. Funga karatasi kwa masking tepu katikati, inua nusu, kata karatasi ya nyuma, kisha skwiji yenye kitambaa ukingoni, kwa pembe ya nyuzi 45, kila pito lipandane nusu na lililotangulia. Anzia katikati kwenda pembeni. Lengelenge likibaki, litoboe kwa sindano pembeni mwake na usukume hewa kuelekea tundu. Usitumie ncha ya kisu, mkato hukua.

---

Kioo_Angavu

Maji yana nafasi yake jamani, tusiyafukuze kabisa. Vinili ya ukungu kwenye dirisha huwezi kuiweka kavu ikatoka safi. Lita 1 ya maji, matone 3 hadi 5 ya shampuu ya watoto, nyunyiza kioo na upande wa gundi, telezesha mpaka ikae, kisha kamua. Sabuni ikizidi, gundi inachelewa kushika. Acha milimita 2 kutoka kwenye fremu ili maji yatokee. Herufi za kukatwa kwa plota (mashine ya kukatia vinili) kwenye kioo vilevile, ila subiri zishike kabla ya kuvua karatasi ya kuhamishia, na uivue ikiwa imekunjwa bapa kurudi nyuma yenyewe. Ukiivuta wima, herufi nyembamba zinaondoka nayo.

---

Rola_Laini

Kwa herufi, sawa. Kwa van, kavu.

Hiyo ya zamani ina wiki tatu tu, itatoka. Pasha kama nyuzi 50 hadi 60, vuta polepole kwa pembe ndogo karibu na bodi. Ikikatika vipandevipande, umevuta haraka au moto umepungua. Gundi yenye solventi itabaki kwenye bati. Iondoe kwa kisafishaji cha machungwa na kikwangua cha plastiki, halafu rudia sabuni na spiriti, kwa sababu kile kisafishaji nacho kinaacha mafuta.

Mlango wenye rangi mpya usiubandike kwa kukisia. Rangi iliyokauka kwa mguso bado inatoa mvuke ndani, na mvuke huo utajaa chini ya vinili. Fuata muda wa mtengenezaji wa rangi, kisha pima: bandika kipande cha sentimita 10 kwa 10, kiache saa 24, ukipashe moto kwa blowa. Kikitoa malengelenge, kibandue, subiri wiki, jaribu tena mahali pengine. Kikikaa kimya, kivute ghafla uone kama rangi inakuja nayo. Ikija, huo mlango unarudi kwa fundi wa rangi kabla hujakata karatasi yoyote.