KOFIA YANGU YA VITO IMEFANYWA KITAFUNIO, NA MWENYE HAMSTA ANANICHEKA

Nimetoka barazani sasa hivi, mkono watetemeka, makosa ya herufi mnisamehe. Yule jamaa wa Langoni hapa Lamu, mnamjua, yule anywaye kahawa kila magharibi na hajawahi kuonekana akilipa, simtaji.

Kenda Mombasa siku mbili, akaniwachia hamsta wake, kipanya cha kufugwa, kwenye kitundu cha plastiki ukubwa wa sufuria ya wali. "Hana taabu, hulala mchana kutwa." Kweli alilala. Usiku wa pili akaamka kama fundi wa jahazi aliyelipwa kabla ya kazi: krrr, krrr, hadi alfajiri. Kuangalia asubuhi, kitundu kina mlango wa pili na mwenyewe kalala ndani ya kofia yangu, mashavu yamefura kama kaficha mahamri, yote nyuzi!

KOFIA YA VITO, jamani, ile ya vitundu vya kudarizi. Mama kaishona miezi minne niivae Maulidi. Tundu sawa na kikombe cha kahawa, juu ya paji.

Leo nikaipeleka barazani mbele za watu. Mnajua jamaa kafanya nini? Katia kidole tunduni, kakizungusha, kasema: "Kofia ya vito ina vitundu mia. Kimezidi kimoja ndiyo waja kushtaki? Wacha hewa ipite." KIDOLE. KAKIZUNGUSHA. Mzee wa kahawa kapaliwa kwa kucheka.

bintishela: Pole kaka, ila mnyama hana kosa. Meno yake ya mbele hukua maisha yote, asipoyasaga yanampinda mdomoni hata kula kunamshinda. Kitundu kidogo ndicho balaa. Ahitaji nafasi, gurudumu la kukimbilia, matandiko ya kujichimbia sentimita 15 au zaidi, kifuu cha nazi cha kuguguna, kijiti cha mpera kisicho rangi wala dawa. Na nyaya za umeme ziwe mbali naye.

mwenye uzi: Dada, sikuuliza dawa. Nimesema KIDOLE.

nahodha_bila_jahazi: Pakia pilipili kwenye hiyo kofia iliyobaki 😂

bintishela: Usithubutu! Atajipangusa nayo machoni.

mwalimu_mstaafu: Hamsta wa rangi ya dhahabu asili yake Shamu (Siria). Mwaka 1930 walichimbuliwa shimoni karibu na mji wa Halab (Aleppo), mama na wanawe, na wengi wanaofugwa duniani leo ni kizazi chao. Mgeni wa Shamu kalala kwako siku mbili, hukumpa hata cha kutafuna?

mwenye uzi: Mwalimu, nawe pia?

mkate_wa_mofa: Lakini kofia uliiweka wapi hata ifikiwe na mnyama wa urefu wa kidole?

nahodha_bila_jahazi: Kidole tena 😂😂😂

mwenye uzi: Ilikuwa juu ya kiti! Kiti changu, nyumbani kwangu!

mkate_wa_mofa: Afadhali wewe kofia. Punda wa jirani kaingiza kichwa dirishani kala mkeka wa kuswalia, nusu. Namwambia mwenyewe, aniambia punda wake halagi mikeka. Na ukindu uko menoni!

malindi_kwetu: Lamu mnalalamikia punda? Njooni Malindi muone kunguru. Jana kaninyakulia samaki mkononi, mbele ya mkwe wangu. Mkwe!

mkate_wa_mofa: Kunguru humfukuza kwa jiwe. Punda utamfukuza vipi, na uchochoro wenyewe hampishani?

malindi_kwetu: Jiwe? Kunguru akukumbuka sura weye, kesho aja na ukoo wote.

mwenye uzi: Uzi huu ni wa KOFIA. Katia kidole, kakizungusha, hata pole hakunipa.

nahodha_bila_jahazi: Huyo jamaa hata mimi anidai... samahani, namdai mia mbili tangu Ramadhani.

bintishela: Hamsta yuko kwa nani sasa? Nina kifuu.

mwenye uzi: Kwangu. Jamaa kesho yuwarudi tena Mombasa.

mkate_wa_mofa: 😂😂😂

malindi_kwetu: Samahani nikiwakatiza, bahari vipi huko? Boti za Mokowe zavuka asubuhi?