Mrejesho: Katamarani ya fito za mbao

Wakuu, najenga katamarani (mashua ya bodi mbili), na niliuliza kama fito za mwerezi nizibane kwa misumari au gundi pekee, maana zilikuwa zikipasuka kwenye mkunjo wa omo (sehemu ya mbele ya chombo).

Aliyeshauri nichane fito nyembamba zaidi kwa ajili ya omo, Mungu ambariki. Zinajipinda bila hata mvuke. Misumari nimeacha: nabana kwa klampu na skrubu za muda kwenye fremu, gundi ikikauka nazitoa na kuziba matundu. Bodi zote mbili nazijengea juu ya fremu zilezile, hivyo zinalingana.

Epoksi, gundi ya kuchanganya vimiminika viwili, ndiyo yenye visa. Ukiiacha imejaa kikombeni inachemka, inafuka moshi na kuganda hujageuka. Sasa naimimina upesi kwenye trei pana. Ikikauka huweza kuacha utando wa kuteleza. Huo unaoshwa kwa maji kwanza, ndipo msasa, la sivyo tabaka linalofuata halishiki vizuri. Naweka faibaglasi (kitambaa cha nyuzi za kioo) nje na ndani, kwa sababu fito zina nguvu kwa urefu wake tu. Kwa upana zinapasuka kirahisi.

Msasa wenyewe ni kazi ya punda, na hilo hamkuniambia! Zimebaki boriti za kuunganisha bodi, kisha mlingoti.