Tupeane uzoefu: kiangazi cha Same na namna tunavyousoma utabiri wa hali ya hewa

Mkazi wa Same Mjini (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Naomba tukusanye hapa uzoefu wetu kuhusu kiangazi cha Same, hasa kile kinachoanza Januari baada ya vuli na kuendelea hadi masika yanapokaribia katikati ya Machi, na kuhusu namna kila mmoja anavyoutumia utabiri wa hali ya hewa katika shughuli zake. Mji wetu ni mdogo, na taarifa ya kila siku inayosomwa redioni hututaja kwa jumla: "mikoa ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro". Ndani ya mkoa huohuo wa Kilimanjaro iko miteremko ya Marangu na Kibosho yenye migomba na mvua tele, na iko Same, ambako kwa mwaka mzima hunyesha milimita 500 hadi 600 hivi. Mtu wa Marangu na mtu wa stendi ya Same wakisikia "vipindi vya mvua katika maeneo machache", kila mmoja ana haki ya kuuliza kama yeye ni miongoni mwa hayo machache.

Sababu ya ukavu wetu inafahamika. Mji uko magharibi mwa Milima ya Upare Kusini. Upepo wa kusini mashariki unaotoka Bahari ya Hindi huipanda milima hiyo upande wa Gonja na Maore, hupoa kadiri unavyopanda, huacha maji yake kule juu, kisha hutushukia ukiwa mkavu na umeongezeka joto. Kwa hiyo Shengena, kilele chenye zaidi ya mita 2,400, kina msitu wa ukungu, nasi tulio chini ya mita 900 tuna mibuyu, migunga na mkonge. Kuhusu joto, Same iko takribani nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, hivyo jua hupita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Oktoba, na tena karibu na tarehe 10 Machi. Mara hii ya pili hutukuta mawingu ya masika hayajakusanyika na ardhi imekwisha kukauka, na ndiyo maana Februari na Machi hutuelemea.

Naomba mnieleze mnachokiona huko mliko, mnautegemea utabiri upi, na umewasaidia katika jambo gani mahususi. Tafadhali tusitoke nje ya mada.

Mkulima wa Makanya

Shukrani kwa mada hii, mkuu. Mimi nalima Makanya, na sisi tuna jambo ambalo wageni hulishangaa: mashamba yetu hunyweshwa na mvua iliyonyesha mbali. Mvua ikipiga milimani, maji hushuka na mto kwa ghafla, nasi huyaelekeza mashambani kwa mifereji na matuta ya udongo huku juu yetu jua likiwaka na hakuna hata wingu. Kwa hiyo utabiri unaonihusu ni wa milimani. Nikiona kuanzia saa nane mchana wingu limesimama juu ya Chome kwa rangi ya risasi, na likabaki hapo bila kusogea hadi jioni, namjulisha jirani yangu wa mfereji wa juu, na jembe linalala mlangoni.

Utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania naufuata kila mwaka, ila nilianza kuuelewa siku bibi shamba aliponifafanulia maana ya maneno yake. Wakisema mvua za "wastani", wanamaanisha kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa eneo husika. Chini ya asilimia 75 ni "chini ya wastani", na zaidi ya asilimia 125 ni "juu ya wastani". Sasa pigeni hesabu kwa ukanda wetu wa chini. Mahali ambapo msimu mmoja huleta milimita 200, "wastani" huweza kuwa milimita 150, na kwa milimita 150 mahindi ya muda mrefu hayafiki kokote. Mtu wa Kibosho akiambiwa wastani ana amani kabisa. Mimi nikiambiwa wastani, nanunua mbegu ya muda mfupi, naongeza mtama, na katikati naweka choroko na fiwi.

Agosti 2023, ilipotangazwa kwamba vuli ingekuwa ya juu ya wastani kwa sababu ya El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, nilitumia kiangazi chote kilichobaki kuimarisha matuta na kuzibua mdomo wa mfereji. Maji yalipokuja yalikuwa mengi kweli, na shamba langu liliyapokea bila kukatika. Huo ndio utabiri ambao nimeuona ukigeuka gunia kwa macho yangu.

Jambo la mwisho kwangu ni subira ya kupanda. Machi 2019 wengi walikuwa wamezoea kwamba katikati ya mwezi mvua huwa imeanza, lakini Kimbunga Idai kilichopiga Msumbiji kilivuruga mfumo wa pepo na unyevu, na masika yakachelewa. Baba yangu alikuwa na desturi ya kuchimba kwa jembe baada ya mvua ya kwanza na kuangalia unyevu umeshuka kiasi gani. Usipofika kina cha kiganja na vidole vyake, mbegu inabaki guniani. Mwaka ule tulifuata desturi hiyo, na mbegu yetu haikuoza wala haikuliwa na ndege.

Mwalimu wa shule ya msingi, Hedaru

Nawasalimu nyote, na wazee shikamooni.

Ningependa kuzungumzia joto la ndani ya majengo, kwa sababu nadhani watu hulinganisha vitu viwili tofauti. Mara nyingi husikia mtu akilalamika kwamba redio imesema nyuzi 32 ilhali yeye darasani alikuwa akiungua. Kipimajoto cha kituo huwekwa kivulini, ndani ya kibanda cheupe chenye mbavu za kupitisha hewa, juu ya ardhi yenye nyasi. Darasa lenye paa la mabati matupu, watoto wengi na madirisha madogo ni mahali pengine kabisa, na haliwezi kuwa na joto linalotangazwa.

Shuleni kwetu, kuanzia mwishoni mwa Januari, masomo yanayohitaji umakini mkubwa tunayaweka kabla ya saa nne asubuhi. Mchana madarasa ya chini huhamia chini ya miarobaini, na mtoto hupewa ruhusa ya kwenda kunywa maji bila kunyoosha mkono. Wazazi walipochangia dari katika madarasa mawili, tofauti ilionekana siku ileile: katika madarasa yenye dari watoto waliandika hadi kengele ya mwisho, na katika yale yasiyo na dari vichwa vililala juu ya madawati tangu saa saba. Kwa hiyo ningewasihi wote wanaojenga majumba au madarasa katika miji ya aina yetu waiweke dari katika bajeti mapema, pamoja na nafasi ya kutolea hewa chini ya paa, na wapande mti upande wa magharibi, kwa kuwa jua la alasiri ndilo linaloumiza. Jambo hili huniuma kila mwaka, kwa sababu mtoto anayesinzia kwa joto huhesabiwa kuwa ni mvivu.

Dereva wa bodaboda, Same

Mimi nitasema machache. Kiangazi chetu adui wa barabarani ni upepo na visulisuli. Kisulisuli huanza kwenye viwanja vitupu karibu na barabara kuu, hasa kati ya saa sita na saa tisa mchana, na kikikufuma pembeni na abiria nyuma unaweza kusukumwa hadi njia ya malori. Dalili yake ni vumbi na karatasi zinazozunguka mahali pamoja kabla hakijasimama. Nikiliona hilo napunguza mwendo na kushuka pembeni hadi kipite. Utabiri wa redio hautaji visulisuli, kwa kuwa ni vidogo na huisha kwa dakika chache, lakini ukisikia "upepo mkali" na siku ni ya jua kali, jiandae na kitambaa cha uso na miwani.

Mama wa tangawizi, Mamba Miamba

Ndugu zangu wa bondeni, poleni na joto. Mtashangaa nikiwaambia kwamba sisi tunaokausha tangawizi huku mlimani siku hizo mnazozilalamikia ndizo tunazozitafuta. Tangawizi iliyokatwa vipande ikianikwa ikapata jua kamili, huvunjika kwa mlio ukiikunja. Ikipata ukungu wa alasiri hulegea, na asubuhi unakuta madoa ya kijivu ambayo mnunuzi huyaona kabla hajashika mzani.

Shida yangu ni programu ya simu. Mwanangu aliniwekea, na kila nikitafuta huku kwetu inaniletea "Same", jua, nyuzi 33, ilhali mimi nimejifunga kanga mbili na ukungu umefunika hadi mtaro. Siku hizi natazama mwenyewe: asubuhi kukiwa na upepo mtulivu na Shengena ikionekana yote hadi saa tatu, naanika. Kilele kikijifunika mapema, siandai hata mikeka. Pia naomba watu wasisahau kwamba mlima huu una hatari zake. Novemba 2009 maporomoko ya udongo kule Goha yaliua watu wengi, na tangu hapo sisi huku tahadhari ya mvua kubwa tunaisikiliza tukiwa tumesimama.

Mpimaji mstaafu wa hali ya hewa

Nimesoma michango yote kwa furaha. Dada wa Mamba Miamba, tatizo lako lina maelezo. Programu nyingi za simu hutumia modeli za kompyuta, yaani hesabu za kuigiza hali ya hewa, zinazoigawa dunia katika miraba ya kilomita kadhaa kwa kadhaa, na katika milima yetu mraba mmoja unaweza kubeba bonde na kilele kwa pamoja. Hewa nayo hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo namba ya Same mjini haiwezi kuwa yako. Unaweza kujipatia makadirio kwa kupunguza kiasi hicho kulingana na urefu wa mahali ulipo, ingawa ukungu utayapunguza zaidi.

Kuhusu utabiri wenyewe, naomba tuvitenganishe vitu vitatu. Kuna utabiri wa msimu, unaoeleza mwelekeo wa miezi mitatu kwa eneo kubwa na kutegemea zaidi hali ya joto la bahari, yaani El Niño na La Niña katika Pasifiki pamoja na tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi. Huo haukwambii Jumanne itanyesha. Kuna utabiri wa siku kumi na wa kila siku, unaotazama migandamizo ya hewa na mahali ulipo Ukanda Mvua, yaani mkanda wa mawingu ya mvua unaolifuata jua kwenda kusini na kurudi kaskazini. Na kuna tahadhari za rangi, njano, chungwa na nyekundu, zinazotolewa pale hali mbaya inapokaribia. Mkulima wa Makanya ameutumia wa kwanza kwa kazi yake sahihi, yaani matengenezo na uchaguzi wa mbegu. Anayeutumia wa msimu kuchagua siku ya kupanda ataulaumu bila haki.

Dalili za asili nazo siwezi kuzidharau. Mbuyu huanza kuchipua majani mapya mvua zikikaribia, na wazee wetu waliusoma vizuri. Ila mbuyu hautakwambia kiasi cha mvua, na kiasi ndicho kinachoamua kama mahindi yatabeba.

Mfugaji wa Ruvu

Wakuu, nami nichangie kutoka upande wa ng'ombe. Kwa mfugaji, kiangazi cha Januari kinategemea kabisa vuli iliyotangulia. Vuli ikishindwa, malisho ya Januari hayapo, na ng'ombe huingia katika jua la utosi akiwa mbavu nje.

Vuli ya 2021 ilikuwa hivyo. Utabiri ulikuwa umetaja mvua haba, na familia yetu ilijadiliana kwa muda mrefu, kwa sababu kumwambia mzee auze ng'ombe wakiwa wamenona ni jambo zito. Kaka yangu ndiye aliyemshawishi, kwa kumwonyesha kwamba nyasi za ng'ambo ya mto zilikuwa zimeisha kabla ya wakati wake. Tukauza sehemu ya kundi mnadani mwezi Oktoba kwa bei nzuri, tukanunua mabua na pumba. Mwanzoni mwa 2022 mizoga ilikuwa imetapakaa hadi Simanjiro, na waliofika mnadani wakati huo walikuta mnunuzi anaangalia pembeni. Sisi pia tulipoteza ndama, lakini majike yanayozaa yalibaki. Ushauri wangu kwa wafugaji ni kuuza mapema baadhi ya madume utabiri unapotaja "chini ya wastani", na kutosubiri hadi mnyama ashindwe kusimama.

Mkazi wa Same Mjini (mwanzisha mada)

Mzee mstaafu, shikamoo, na nawashukuru wote. Nina ombi moja kwako. Mvua ya Makanya, Hedaru, Ruvu na Mamba Miamba inatofautiana mno, nasi hatuna vipimo vya huko kote. Je, tunaweza kujipimia wenyewe kwa vifaa vya kawaida, kuanzia masika haya?

Mpimaji mstaafu wa hali ya hewa

Marahaba, kijana wangu. Mnaweza. Chukueni kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako vikiwa na upana uleule, mliweke mahali pa wazi mbali na paa na miti, juu ya nguzo fupi ili matone yasiruke kutoka ardhini. Kila siku saa tatu asubuhi pimeni kina cha maji kwa rula yenye milimita, mkianza na sifuri kwenye kitako chenyewe, andikeni, kisha mwageni. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mkulima anaweza kujua shamba lake limepokea maji kiasi gani. Siku isiyo na mvua andikeni sifuri, msiiache tupu. Mwalimu, madaftari ya kuanzia nadhani unayo, na watoto wa darasa la sita wanaweza kazi hii.

Mwalimu wa shule ya msingi, Hedaru

Wanaiweza, mzee wangu. Jumatatu naweka kopo la kwanza nyuma ya bustani ya shule, na namba zitaletwa hapahapa kila Ijumaa. Naomba mtu wa Gonja au Maore ajitokeze, ili upande wa mashariki wa mlima usikosekane.