Nadharia ya Porges kuhusu neva ya vagasi: iendelee kufundishwa kwa washauri nasaha?

Mada. Mwaka 1995 Stephen Porges aliandika kwamba vagasi, neva itokayo shina la ubongo hadi moyoni na tumboni, ina njia mbili. Ya kale, tunayochangia na reptilia, humgandisha mtu hofu ikimzidi. Mpya, yenye ala ya mayelini (utando wa mafuta unaofunika uzi wa neva), ni ya mamalia tu, nayo hutuliza moyo na kutuwezesha kuishi na wenzetu. Washauri wa waathirika wa ukatili wanaitegemea sana. Waendelee?

Mwalimu wa fiziolojia: Hapana. Samaki kamongo wa Amerika Kusini, ndugu wa huyu wetu wa Ziwa Victoria, ana nyuzi za vagasi zenye mayelini ziendazo moyoni, na mapigo yake hubadilika kwa kufuata pumzi. Hayo yalichapishwa 2018. "Mamalia tu" imeishia hapo. Isitoshe, kila njia huanzia kwenye kiini chake, yaani kundi la seli katika shina la ubongo, na kwa mamalia breki kubwa ya moyo inatoka kwenye kiini cha njia inayoitwa mpya. Kile cha njia ya kale mchango wake kwenye mapigo ni mdogo.

Mshauri nasaha: Mkuu, mteja wangu hana shida na kamongo. Ameulizwa kituoni, "Mbona hukupiga kelele?" Anahitaji kusikia kwamba mwili uliganda wenyewe, hakuridhia.

Mwalimu: Mwambie hivyo hivyo, dada. Kuku ukimlaza chali ukambana kidogo kisha ukamwachia, hubaki ameganda. Padri mmoja msomi, Athanasius Kircher, alilieleza hilo 1646. Ushahidi wa kuganda hauhitaji Porges.

Mpimaji wa mapigo: Kinachonikera mimi ni saa na programu zinazouza "nguvu ya vagasi". Kipimo kinachotumika sana husoma jinsi mapigo ya moyo yanavyopanda na kushuka, kwa mawimbi ya hezi (mizunguko kwa sekunde) 0.15 hadi 0.40, yaani pumzi 9 hadi 24 kwa dakika. Unamfundisha mteja kuvuta kwa sekunde 4, kutoa kwa 6: hizo ni pumzi 6, hezi 0.1, nje ya kipimo. Namba inaweza kushuka huku mapigo yakizidi kupanda na kushuka kwa kufuata pumzi, naye anadhani anaharibikiwa. Ukipima, mkalishe, rekodi dakika 5, hesabu pumzi, uliza kahawa, sigara na dawa. Amitriptilini, dawa ya sonona, peke yake huishusha namba hiyo.

Mshauri: Na wanaopata kizunguzungu?

Mpimaji: Wanavuta hewa nyingi mno, kabonidioksidi inashuka. Mwendo ule ule, ila wavute kidogo.

Mshauri: Programu naziacha. Zile njia mbili bado nitazichora, mkuu, maana mteja anazielewa.

Mwalimu: Chora, ila usimwambie moja ni ya mjusi.