SMS moja ya tangazo inahesabiwa tatu, kwa nini?

Swali: Wadau, tangazo la kikao cha bajeti kwa wananchi lina herufi 150 tu, ila mfumo unatoza SMS tatu. Kasoro iko wapi?

Jibu: Angalia ritifaa (alama ya ’) kwenye "ng’". Ukinakili kutoka Word huja iliyopinda, na hiyo haimo kwenye alfabeti ya GSM, yaani seti ya kawaida ya herufi za simu, inayoruhusu herufi 160 kwa SMS moja. Moja tu inatosha kuuhamishia ujumbe wote Unicode, seti pana ya herufi za lugha nyingi: kikomo 70, ukizidi ni 67 kwa kila kipande. Gawanya 150 kwa 67, unapata zaidi ya mbili, yaani vipande vitatu.

Jibu: Dashi ndefu na emoji ni hivyohivyo. Mabano ya mraba, hata ndani ya GSM, kila moja huhesabiwa herufi mbili. Weka kichujio kwenye seva kigeuze ritifaa iwe nyoofu. Kuwakumbusha waandishi hakusaidii.

Muulizaji: Ni ritifaa kweli. Sasa ni SMS moja.