Baba kafariki, kaka anachuma karafuu peke yake, tuende kwa kadhi?

BintiWete:
Asalaam alaykum jamani, nnaomba mnisaidie kichwa kishanijaa. Marehemu babaetu alifariki 2019, kaacha wake wawili na watoto watano, wanaume wawili na sie wanawake watatu. Mali yenyewe nyumba moja, shamba la mikarafuu na minazi kidogo, na baiskeli ambayo hata haijulikani iko wapi (hiyo tushasamehe). Tangu siku ile shamba kalishika kaka mkubwa, msimu ukifika anachuma au anawakodisha watu mikarafuu, pesa hatuzioni, ukimuuliza anakwambia nyie mshaolewa mnataka nini. Juzi katoa jipya ati shamba ni eka tatu, la serikali, halirithiwi. Sasa tuanzie wapi, na pesa za karafuu za nyuma zinadaika? Mama anasema tumwachie Mungu.

Mchumaji_wa_Konde:
Waalaykum salaam dada. Kuolewa tangu lini kukafuta urithi?? Hesabu yenu mbona nyepesi, kama bibi na babu walishatangulia. Kwanza linatoka deni, na hapa watu husahau, mahari ambayo mzee hakumaliza kuwalipa wakeze nayo ni deni, halafu wasia kama upo na usizidi thuluthi. Kinachobaki kifanyeni mafungu 16. Wake zake wanagawana thumni, yaani moja ya nane, kila mmoja fungu 1, kila mwanamme mafungu 4, kila mwanamke 2. Basi. Na karafuu zilizochumwa baada ya mzee kufa ni za warithi wote, kaka akatwe gharama za kupalilia na wachumaji, zilobaki azitolee hesabu.

AmiWaMtambile:
Hilo la eka tatu linanichekesha, kama halirithiwi yeye kalipataje? Ardhi ya Zanzibar yote ni ya serikali, sheria ya ardhi ya 1992 ndo inavosema, lakini haki ya kuitumia inarithiwa. Itafuteni karatasi aliyopewa mzee au babu yenu zilipogaiwa eka baada ya mapinduzi. Mirathi ni kwa kadhi, ila akishikilia kuwa shamba si la marehemu hapo mzozo ushakuwa wa ardhi, mtaambiwa mwende Mahkama ya Ardhi na huko ndo mtazeeka. Mie ningeanza na wazee, muiteni ami yenu mumkalishe kaka chini. Kesi ya ndugu ikishaingia mahkamani hata harusi hamwalikani.

Ukhty_Chake:
Ami samahani, wazee wameshakaa miaka yote hiyo! Kwetu tulikaa vikao hivyo hivyo, kila kikao chai na mkate wa kumimina, mwisho dada yetu mmoja akafariki kabla hajapata hata pishi moja ya karafuu, ikabidi na fungu lake ligaiwe kwa mumewe na wanawe na bi mkubwa, mirathi juu ya mirathi, kadhi mwenyewe akashika kichwa. Nendeni mapema. Chukueni cheti cha kifo, barua ya sheha, yaani kiongozi wa mtaa wenu, majina ya warithi wote, na mikarafuu ihesabiwe mbele ya mashahidi. Kama hamtaki kushtakiana kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, nao wanagawa mirathi. Nyumba msiivunje vunje, itathminiwe, anaeweza awalipe wenziwe, lakini msije mkamtoa mama yenu nje kwa kifungu kimoja.

BintiWete:
Allah awalipe. Lile la mahari nimemuuliza mama, kumbe hakumaliziwa kweli, kanyamaza miaka yote. Kesho nakwenda kwa sheha. Kaka nshamtumia meseji, kaisoma, hajajibu.

Mchumaji_wa_Konde:
Usingoje jibu dada, vuli hiyo inakuja na wakodi washaanza kupita mashambani.