Naomba ushauri: Chardonnay ya pipa na sato wetu

Wakuu, habari zenu. Nahudumu kwenye mgahawa Capri Point hapa Mwanza. Meneja kanipa nionje Chardonnay, divai nyeupe ya Burgundy, Ufaransa, iliyokaa kwenye mapipa ya mti wa mwaloni, niseme kama inafaa kwa sato wa kukaanga. Ukali wa ndimu na tufaha bichi nauelewa, zabibu za maeneo ya baridi hubaki na asidi nyingi. Vanila ni ya pipa. Ila ile harufu ya siagi, ni pipa pia au ni bakteria wanaogeuza asidi ya maliki (kali, kama ya tufaha) kuwa laktiki (laini, kama ya maziwa)? Ikitoka friji hainukii. Ikifika kama nyuzi 12 inafunguka, naipenda kweli. Mliozoea, mnajuaje ladha ya mwaloni imezidi ya tunda? Na sato mwenye pilipili, vitapatana?